Kopo Jekundu na Safu ya Tatu

Pramuji aliliona kopo kabla ya kuwaona wenye kopo.

Lilikuwa kopo la biskuti, jekundu, la mraba, limefungwa kwa kitambaa cha batiki mafundo mawili. Lilikaa mapajani mwa bibi mmoja aliyeketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya maonyesho ya magari, ghorofa ya chini ya jengo la maduka, hapa Semarang, kisiwani Java. Watu wote walikuwa wakitazama magari. Bibi yule alikuwa akiwatazama watu, na mikono yake miwili imetulia juu ya kifuniko.

Pramuji alijificha kidogo nyuma ya bango akavuta pumzi. Miaka thelathini ya kazi ilikuwa imemfundisha kuitazama mikono. Mtu akibeba kitu kisicho na thamani hukihamisha huku na huku, hukiweka chini, hukisahau. Bibi huyu alilishika kopo lile kama hati ya shamba. Humo ndani, Pramuji aliwaza, mna akiba ya maisha mazima, na noti zake zimepangwa kwa ukubwa.

Kazi yenyewe, tuiseme kwa adabu, ilikuwa kuwapunguzia watu kusubiri. Sisi watu wa Semarang tukiona foleni hatuulizi ina urefu gani, tunauliza mlango wa nyuma uko wapi. Pramuji alikuwa akiuuza mlango huo. Mwaka ule lilikuwa limetoka gari jipya, Sagara, la safu tatu za viti, na kila familia ililitaka kabla ya Idi ili irudi nalo kijijini na majirani waone. Foleni yake ilikuwa ya miezi minane. Basi kwa kawaida Pramuji alichagua familia yenye haraka, akaipeleka kujaribu magari mawili matatu mpaka ijione imeshanunua, akapokea arbuni ya rupia milioni ishirini na tano ya kulisogeza jina lake mbele, akatoa risiti yenye mihuri mitatu, kisha akazima simu na kwenda kwa shemeji zake Tegal mpaka hasira za watu zipoe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani. Kwa miaka miwili sasa hakukuwa na hasira za kupoa, maana hakupatikana wa kukasirika. Ama watu walikuwa wameerevuka, ama Pramuji alikuwa amezeeka. Yeye alipendelea maelezo ya kwanza. Nyumba ililishwa na mkewe, Rusmini, aliyekaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye kona ya soko. Mwanzoni mwa mwaka Rusmini alitundika aproni mpya msumarini, jirani na shati la kazi la mumewe. Ilikuwa ya manjano, na ua kubwa la alizeti kifuani.

"Ni yangu?" Pramuji aliuliza.

"Bado," alisema Rusmini. "Idi ikipita hujapata kitu, ni yako. Saa kumi na moja alfajiri, mimi na wewe kwenye karai."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa hata ameongeza urefu wa kamba zake ili zizunguke tumbo la mumewe, na hilo ndilo lililomtisha Pramuji kuliko maneno. Mtu aliyewahi kuuza nafasi ya kwanza kwenye foleni kwa hakimu mstaafu, leo avae alizeti.

Basi alitoka nyuma ya bango, akanyoosha kola, akaenda.

Ndani ya gari la karibu, mwanamume mwembamba mwenye miwani alikuwa amejikunja kwenye safu ya tatu na futi ya mshonaji mkononi, akipima nafasi kati ya goti lake na kiti cha mbele. Huyo alikuwa Baskoro, karani wa shule, mkwe wa yule bibi. Mkewe, Lestiani, alikuwa kwenye usukani akiwazuia mapacha wao wa miaka sita wasipige honi.

"Magoti yako yanaingia, Mas," Pramuji alimwambia yule kijana, kwa neno letu la kumwita kaka, "lakini si wewe utakayekaa huko. Watu wananunua usukani, halafu wanamtia bibi yao nyuma kama mzigo. Mimi nasema gari la familia linanunuliwa kuanzia nyuma. Aliyekaa safu ya tatu akishuka anatabasamu, hilo ndilo gari."

Baskoro alitoka polepole, akafungua daftari lenye jalada gumu, akaandika. "Unatoka kampuni gani, Pak?" aliuliza, kwa heshima ya kumwita baba.

"Mimi situmikii kampuni. Natumikia familia."

Alilisema vizuri, na karibu ajiamini mwenyewe. Kisha akamgeukia bibi, akainama kama inavyostahili. Wote walimwita Mbah Sar, yaani bibi yao, na tangu hapo naye akamwita hivyo hivyo. Mbah Sar alimtazama kuanzia kola mpaka viatu, akakawia kwenye kiatu cha kushoto ambacho soli yake ilikuwa imeanza kucheka.

"Umekula?" aliuliza.

Pramuji alikuwa amekula, ila kwa mazoea ya kazi alisema bado. Mbah Sar akatoa mkobani kifurushi cha wali kilichofungwa kwa jani la mgomba, akampa, akangoja mpaka amalize. Kwa hiyo maelezo ya Sagara, ya foleni ya miezi minane, ya binamu yake aliye bohari ya magari na ya arbuni, Pramuji aliyatoa huku akitafuna. Akaonyesha na risiti ya mfano. Baskoro aliishika risiti ile muda mrefu, macho yake kwenye muhuri wa tatu, akairudisha.

"Gari halinunuliwi siku yoyote tu," alisema Mbah Sar. "Lazima tuhesabu."

"Usinikumbushe, Mbah. Mimi hata kucha sikati bila kuhesabu siku."

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe, na kwa fundo kali kuliko yale ya kopo. Maana kwetu siku saba za wiki hutembea pamoja na siku tano za soko, kila siku ina namba yake, na wazee wakijumlisha wanajua siku ipi ni ya kujenga, ipi ya kuoza, ipi ya kusafiri. Mbah Sar akamuuliza yeye alizaliwa siku gani. Pramuji hakujua. Mama yake alimwambia tu kwamba ni siku kisima kilipofurika. Lakini mtu mwenye njaa ya arbuni hajitambulishi kwa kisima, kwa hiyo alichagua ile iliyomvutia masikio.

"Jumamosi Paing."

"Tisa na tisa," alisema Mbah Sar, na uso wake ukang'aa. "Kumi na nane. Hakuna hesabu kubwa kuliko hiyo. Mtu wa kumi na nane kaumbiwa kubeba wenzake."

"Ndiyo mimi," Pramuji alisema kwa unyenyekevu.

"Arbuni nitaitoa siku hesabu itakapokubali." Mbah Sar aliyaona macho ya Pramuji yakiteremka mapajani mwake, akalivuta kopo karibu na tumbo. "Na hili halifunguliwi kabla ya Idi."

Pramuji alijibu kwamba ndivyo ipasavyo kabisa, na akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Gari la kwanza kujaribu lilikuwa Kinara. Hesabu ya Mbah Sar iliangukia Alhamisi, wiki moja kabla ya Ramadhani. Binti wa mauzo wa duka la magari alitaka kufuatana nao, kama utaratibu ulivyo, lakini Mbah Sar alihesabu vichwa kwa kidole: yeye, dada yake mkubwa Mbah Tumirah aliyetembea kwa mkongojo, Baskoro, Lestiani, mapacha wawili, na Pramuji. Saba. Tutajuaje kama gari la watu saba linabeba watu saba, aliuliza kwa upole, tukiwa wanane? Binti akatoa funguo. Pramuji akaacha pikipiki yake na kitambulisho chake kama dhamana, akashika usukani, kwa kuwa ilibainika kwamba katika familia ile hakuna hata mmoja ajuaye kuendesha.

Mtu mwingine angejiuliza. Pramuji hakujiuliza.

"Mkishanunua ataendesha nani?" aliuliza tu, kwa kuchangamsha mazungumzo.

"Mtu atapatikana," alisema Lestiani.

Walipanda kilima cha Gombel, Kinara likilalamika kwa gia ya pili kama ng'ombe anayevutwa. Pramuji alieleza kila kitu: viti vya nyuma vinakunjika lakini vikikunjuka buti haiingii hata mfuko wa mchele, kiyoyozi kinaishia safu ya pili, wa nyuma anapuliziwa ahadi tu. Baskoro aliandika bila kuchoka. Ila kila Pramuji alipotupa jicho kwenye kioo, aliona kijana yule hatazami dashibodi. Anatazama mikono ya dereva.

Jaribio hilo liliishia makaburini, kule juu kuelekea Ungaran, kwa sababu ndio wakati wa watu kusafisha makaburi ya wazazi wao kabla ya mfungo. Pramuji hakuwa amepanga makaburi. Lakini kusimama tu na funguo mkononi huku bibi wawili wakiinama kung'oa magugu kungeharibu sura yake ya mtumishi wa familia, hivyo akachota maji ndoo sita. Mbah Sar aliponyunyiza maua alibakiza konzi moja.

"Mama yako anaitwa nani, Pak?"

"Sukinem," Pramuji alisema, na akashtuka kidogo, maana lilikuwa neno la kwanza la kweli kumtoka mwezi ule.

Mbah Sar akalitaja jina hilo pamoja na majina ya watu wake, akanyunyiza konzi ile chini ya mti. Njiani kurudi Pramuji hakueleza tena habari za buti. Alipowafikisha kwao alikumbuka kazi, akagusia arbuni. Mbah Sar alihesabu kwenye vifundo vya vidole, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. Leo ni siku ya safari. Si ya kutoa pesa.

Gari la pili lilikuwa Bramasta, pana, refu, la watu wanaotaka waonekane wanashuka. Hesabu ilianguka katikati ya Ramadhani. Siku mbili kabla, Mbah Tumirah alikuwa amezidiwa na pumzi akalazwa, na siku ya jaribio ndiyo aliyoruhusiwa kutoka hospitali. Mbah Sar alisema Mungu amepanga vizuri, maana gari la familia ambalo halijambeba mgonjwa huwezi kulijua.

Pramuji akakunja safu ya tatu, akatandika mto na shuka, akagundua kwamba ngazi ya Bramasta iko juu mno kwa mgonjwa. Hapakuwa na njia nyingine. Alimbeba Mbah Tumirah mikononi kutoka kiti cha magurudumu mpaka ndani, mwepesi kama kapu la nguo, na bibi yule alimshika shingoni akamnong'oneza habari za asubuhi anayoikumbuka kijijini: harufu ya moshi wa kuni, na jogoo wa jirani asiyejua saa. Kila Idi, alisema, wanarudi vipande vipande, huyu kwa basi, yule nyuma ya pikipiki ya mtu. Yeye mwaka jana basi lilimshinda akabaki. Safari hii alitaka tu kwenda pamoja na wenzake, ndani ya chombo kimoja, akiwa hai.

"Utakwenda, Mbah," Pramuji alisema. Lilikuwa neno la biashara. Lakini lilimtoka kabla hajaangalia bei yake.

Aliendesha kama aliyepakia mayai. Mafuta alinunua yeye. Isitoshe, alikuwa amesema kwamba anafunga, hivyo siku ile ilimbidi afunge kweli, jambo ambalo tumbo lake lilipata kulisikia redioni tu. Jua lilipozama walikuwa bado kwenye foleni ya mataa, na Mbah Sar alipofungua chupa ya chai ya sukari nyingi, kikombe cha kwanza hakumpa mkwe wala mapacha. Alimpa dereva. Akamshikilia kikombe mpaka taa zikawa kijani.

"Siku njema sana leo," alisema walipofika. "Kwa kubeba wagonjwa haina mfano."

"Na kwa kutoa pesa?"

"Ah. Ingeleta balaa juu ya gari lenyewe."

Ikabaki Sagara. Hapo sasa Pramuji alikuwa ukutani, kwa kuwa Sagara moja tu ilikuwepo Semarang nzima ya kuonyesha watu, nayo ilizunguka juu ya jukwaa kama bibi harusi, haiguswi. Mbah Sar alisema wazi kwamba bila kuijaribu hatoi arbuni, na kwamba jaribio la haki la gari la Idi ni safari ya Idi yenyewe, mpaka kijijini kwao nyuma ya Wonogiri. Hesabu ilikubali: siku ya kuamkia Idi. Na kopo, aliongeza, litafunguliwa asubuhi yake.

Pramuji hakulala vizuri. Mtu mmoja wa mtaa wa Pedurungan alikuwa na Sagara ya kukodisha, kwa bei ya Idi, siku tatu. Pramuji alivunja kibubu chake chote. Rusmini alimtazama akikusanya sarafu sakafuni.

"Nisaidie kuelewa," alisema. "Mpaka sasa nani ametoa arbuni? Wao au wewe?"

"Hii ni mbegu, Rus."

"Haya." Rusmini alimwokotea sarafu moja iliyokuwa imeingia chini ya kabati, akampa. Halafu akaichukua aproni, akaipiga pasi.

Barabara ya Idi mnaijua. Ungaran, Bawen, Salatiga, gari nyuma ya gari, nusu ya Java ikirudi kwa mama yake. Saa nne za kawaida ziligeuka tisa. Sagara, tuseme haki, lilikuwa gari. Lilipanda milima bila kunung'unika, ngazi yake ilimfaa Mbah Tumirah, na kiyoyozi kilifika mpaka safu ya tatu, ambako mapacha walitapika kwa zamu katika upepo mwanana. Pramuji aliwapangusa. Kule Ampel lori lilimkatiza, akakanyaga breki, chai ya futari ikamwagikia sketi ya Mbah Sar aliyekuwa mbele na kopo lake mapajani. Mbah Sar alilikausha kopo kwanza. Pramuji aliona hilo, na moyo wake ukapata nguvu mpya ya kufika.

Walipoingia kijijini jua likiinama, watu walitoka kwenye nyumba zote. Mbah Tumirah aliteremka mwenyewe, mguu mmoja, halafu mwingine, akasimama akinusa hewa. Kuni. Jogoo wa jirani akawika, saa kumi na moja jioni.

"Bado hajui saa," alisema Mbah Tumirah, akalia kidogo, akacheka.

Pramuji alijifanya anakagua tairi.

Asubuhi, baada ya sala, wakaketi wazee kwenye viti vilivyopangwa sebuleni, na wadogo wakapita mmoja mmoja kwa magoti kuwaomba msamaha, kama tufanyavyo kila Idi. Watu arobaini walikuwa humo. Pramuji alitaka kubaki uani na gari, lakini Lestiani alimvuta mkono, akajikuta amepiga magoti mbele ya Mbah Sar, mikono yake ndani ya mikono ya bibi.

"Nisamehe makosa yangu, Mbah," alisema, "ya wazi na ya moyoni." Ni maneno ya kila mtu. Siku ile aliyasema macho yake yakiwa sakafuni.

"Nimekusamehe yote, mwanangu, na mengine ambayo hujayafanya bado." Mbah Sar hakumwachia mikono. "Na mimi mzee nina kosa kwako. Nisamehe kwanza, nitakwambia baadaye."

"Umesamehewa, Mbah," Pramuji alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. Watu arobaini wakaitikia amina.

Ndipo Mbah Sar akalifungua kopo.

Fundo la kwanza. Fundo la pili. Kifuniko kililia kidogo. Pramuji alisogea, akachungulia. Ndani mlijaa rempeyek, vile vipande vyembamba vya unga wa mchele vilivyokaangwa na karanga, vimepangwa kwa ukubwa.

Sasa ndugu msomaji wa kwetu atacheka, na ana haki. Hakuna mtoto wa Java asiyejua kopo la biskuti la Idi lina nini. Kila mwaka tunalifungua tukitumaini biskuti, na kila mwaka tunakuta rempeyek. Pramuji mwenyewe alikuwa ameyafungua makopo kama hayo tangu ana miaka minne. Na bado, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, mtaalamu wa kuitazama mikono, alikuwa amelifuata moja miezi miwili.

"Yanavunjika upesi," Mbah Sar alieleza. "Ndiyo maana nayashika. Mbah Tumirah hali mengine ila haya. Hilo ndilo kosa langu: nilikuona unavyolitazama, nami nikanyamaza."

"Lakini arbuni, Mbah. Ulisema utatoa."

"Siku hesabu itakapokubali. Na mimi nimehesabu kwa haki, Pak. Haijakubali."

Pramuji alitafuta hasira ndani yake, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Hakuipata. Alikuwa ameshasamehe, tena mbele ya mashahidi arobaini.

Alitoka barazani. Baskoro alikuwa ameketi hapo na daftari lake, akiandika mambo ya mwisho mwisho. Pramuji aliketi kando yake, akalichukua. Alitarajia kuona Kinara, Bramasta, Sagara. Juu ya safu ya kwanza ya maandishi paliandikwa Suharjito, mwaka juzi. Juu ya pili, Kuncoro, mwaka jana. Wote aliwafahamu. Walikuwa watu wa kazi yake, wa mlango wa nyuma. Juu ya safu ya tatu paliandikwa Pramuji.

"Hatuna uwezo wa kununua gari, Pak," Baskoro alisema, akivua miwani kuifuta. "Hata tairi. Lakini Mbah anataka kurudi nyumbani, na mjini kuna watu wengi wakarimu wenye gari za kujaribu."

"Mlijua lini kuhusu mimi?"

"Muhuri wa tatu. Ni wa chama cha wafuga njiwa. Mimi ndiye katibu wake."

Pramuji alisoma. Suharjito: hodari wa kona, alilitikisa kopo tulipofika Boyolali, akatuacha kituo cha mafuta. Kuncoro: hana subira na wazee, alimwacha Mbah Tumirah apande basi, nalo likamshinda. Pramuji: hubeba wagonjwa vizuri. Huchota maji bila kuambiwa. Hula sana. Na chini kabisa, tisa kati ya kumi.

Akaipitia safu yake mara ya pili. Ndani ya kifua chake kitu kilianza kutikisika, akadhani ni aibu, kumbe ni kicheko. Kwa miaka miwili hakuwahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote.

"Hii moja iliyopungua," alisema hatimaye, "ni ya nini?"

"Breki. Ampel."

"Lile lori lilinikatiza, Mas. Uliona mwenyewe."

"Chai ilimwagika, Pak. Nimeandika nilichoona."

Walibishana mpaka chakula kikaiva.

Kesho yake Pramuji alirudisha Sagara Semarang peke yake. Hakuwa peke yake kabisa. Mbah Sar alikuwa ameweka kitu katika kila kiti: ketupat, yaani wali uliofungwa kwa majani ya mnazi, mihogo, papai, chupa ya sambali ya pilipili, kila kimoja amekifunga mkanda wake kwa mikono yake mwenyewe. Safu ya tatu, katikati, lilikaa kopo jekundu lililojazwa upya. Na mfukoni mwa shati alikuwa na bahasha ndogo yenye picha ya msikiti, kama zile wanazopewa watoto siku ya Idi. Ndani mlikuwa na noti mpya mbili za elfu tano, na karatasi: ya soli.

Rusmini alipokea mihogo, akasikiliza kisa chote bila kukatiza. Mahali pa makaburi aliacha kumenya. Mwisho alinyoosha mkono kwenye msumari.

Ndiyo maana asubuhi ya pili, saa kumi na mbili, Pramuji alikuwa nyuma ya karai na alizeti kifuani, akigeuza tempe. Kamba zilizunguka tumbo barabara. Alikuwa amegundua, kwa hasira kidogo, kwamba wateja wanampenda, na kwamba mwanamke wa kwanza alipouliza kama tempe ni ya moto, alimjibu ukweli bila kuumia popote. Simu ikaita.

"Pak Pramuji," ilisema sauti ya Mbah Sar, na nyuma yake jogoo akiwika ovyo. "Umekula?"

"Nimekula, Mbah." Na alikuwa amekula.

"Kiatu?"

"Kiko kwa fundi."

"Vizuri. Nimekaa nikahesabu. Siku ya sisi kurudi mjini ni Jumapili Pon. Kwa safari haina mfano. Mbah Tumirah anauliza kama utakuja na lile lile, ngazi yake ilimfaa."

Pramuji alimtazama Rusmini. Rusmini alikuwa akihesabu tempe kwa sauti ya juu kupita kiasi, kama mtu asiyesikiliza simu ya mwenzake.

"Na kwa kutoa pesa, Mbah?" aliuliza. "Jumapili hiyo ikoje?"

Upande wa pili jogoo aliwika mara mbili. Bila shaka bibi alikuwa akipita kwenye vifundo vya vidole, kimoja kimoja, kwa haki.

"Mbaya sana, mwanangu," alisema Mbah Sar. "Mbaya kupita zote."

Pramuji alijifuta mikono kwenye alizeti, akaanza kutafuta namba ya yule mtu wa Pedurungan mwenye Sagara.